Mama Kevina wa Nsambya

Lilikuwako jina moja lililotajwa nyumbani kwetu kila ilipozungumzwa habari ya uzazi, nalo si la Kiislamu wala si la Kiswahili. Ni jina la Mama Kevina. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilitaja kwa heshima mpaka alipofariki, ingawa hakuwahi kumtia machoni mwenye jina hilo. Mimi pia sikumwona. Lakini dada yangu wa mwisho alizaliwa katika hospitali aliyoianzisha mwanamke huyo, na kwa sababu hiyo nimechukua kalamu leo niwasimulie wasomaji maisha yake.

Baba yangu alikuwa karani wa relwe. Mnamo 1954 alihamishwa kutoka Mombasa kwenda Kampala, nasi tukamfuata, mama na watoto watatu, tukapewa nyumba katika zile nyumba za relwe za Nsambya. Aliyefika Kampala anajua kwamba ule ni mji wa vilima, na kila kilima kina wenyewe. Mengo ni kwa Kabaka. Namirembe ni kwa Waprotestanti. Rubaga ni kwa Wakatoliki waliofundishwa na mapadri wa Kifaransa. Kibuli ni kwa Waislamu, na msikiti wake mkubwa huonekana kutoka mbali. Na Nsambya, ambacho kimekabiliana na Kibuli kama jirani na jirani, ni kwa Wakatoliki tena, lakini wale wa mapadri waliotoka Uingereza.

Huenda msomaji akauliza, Wakatoliki wamepataje vilima viwili? Kisa chake ni hiki. Uislamu ndio uliotangulia kufika Buganda, ukiletwa na wafanyabiashara waliotoka huku kwetu pwani, na Wakristo wakaja baadaye kwa mikono miwili, Waprotestanti kutoka Uingereza na Wakatoliki kutoka Ufaransa. Makundi hayo yakapigania ufalme. Mnamo Januari 1892 Wakristo wenyewe kwa wenyewe walipigana pale Mengo, na watu wakawa wanaitwa kwa majina ya mataifa ya wageni wao, huyu Mfaransa, yule Mwingereza, ilhali wote ni Waganda watupu. Hata Mwanamfalme Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu, alichukuliwa mwaka uliofuata akapelekwa Unguja, asirudi mpaka 1895. Mwaka huohuo wa 1895 ndipo walipoingia mapadri wa Mill Hill kutoka London, ili ionekane kwamba mtu anaweza kuwa Mkatoliki na bado asiwe wa Wafaransa. Kabaka Mwanga akawapa kilima cha Nsambya. Basi hospitali ninayoisimulia ilianza juu ya ardhi iliyotolewa kwa sababu ya ugomvi.

Mama Kevina jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Alizaliwa Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, katika jimbo la Wicklow, Ireland. Alizaliwa yatima, maana baba yake, mkulima, alikufa miezi mitatu kabla mtoto hajauona ulimwengu. Mama yake akaolewa tena, naye akafariki binti akiwa na umri wa miaka kumi. Akalelewa na nyanya yake mzaa mama. Alipofika miaka kumi na saba, nyanya naye akaondoka. Hakuwa na fedha za kumaliza mafunzo ya ualimu, kwa hiyo akafundisha kama msaidizi, kwanza Dublin, kisha akavuka bahari akaenda kufundisha Essex, Uingereza. Huko ndiko alikoamua kuwa mtawa katika nyumba ya masista Wafransisko wa Mill Hill. Mnamo 1898 akala kiapo cha utawa, akapewa jina la Kevin, ambalo kwao ni jina la walii wa kiume wa hukohuko Wicklow.

Nia yake haikuwa Afrika. Masista wenzake walikuwa na kazi Marekani miongoni mwa watu weusi, naye alitaka kwenda huko. Akangoja miaka. Kisha Askofu Henry Hanlon wa Nsambya akaandika akiomba masista wa kushughulikia wanawake wagonjwa na elimu ya wasichana, na Sista Kevin akawa mmoja wa sita waliochaguliwa. Waliondoka London Desemba 1902. Njia ya Uganda siku hizo ilikuwa ni hii yetu: meli mpaka Mombasa, gari la moshi mpaka Kisumu, ambako reli ilikuwa imefika mwaka mmoja tu nyuma, kisha chombo cha ziwani. Tarehe 15 Januari 1903 wakawa wamefika. Yeye alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, mwalimu kwa kazi yake, si daktari.

Walifika wakati mbaya. Malale ilikuwa inateketeza watu wa kando ya ziwa na visiwani, hasa Busoga. Waliokufa kwa ugonjwa huo miaka ile hukisiwa kuwa zaidi ya 200,000. Ndui ilikuwako, na homa ya malaria haikuwa na msimu. Zahanati ya kwanza ya masista haikuwa na ukuta wala paa. Ilikuwa chini ya muembe pale Nsambya. Wagonjwa walikaa kivulini, masista wakaosha vidonda na kugawa dawa kidogo walizokuwa nazo. Hospitali yote unayoiona leo imetoka katika kivuli hicho. Mnamo 1906 wakafungua kituo cha pili huko Naggalama, mwendo wa maili ishirini na tatu. Mnamo 1910 mkuu wao aliugua akaondoka, na Sista Kevin akashika uongozi. Watu wakawa hawamwiti Sista tena. Wakamwita Mama, na Kevin wakaitia sauti ya Kiganda ikawa Kevina.

Hapa sasa ndipo ninapotaka kukaa kitako kidogo, kwa sababu ndipo palipo na jambo ambalo wengi wanaosifu hospitali ile hawalijui.

Kilichomuumiza mwanamke huyu kuliko malale na ndui ni vifo vya wazazi. Wanawake walikuwa wanakufa katika uchungu, na watoto wakifa kabla hawajapewa majina. Alitaka wadi ya uzazi na alitaka masista wake wawe wakunga. Lakini sheria ya kanisa lake lenyewe ilimzuia. Roma haikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya kuzalisha. Taratibu zilizotolewa huko mnamo 1901, mwaka mmoja na ushei kabla yeye hajapanda meli, zilionyesha wazi kwamba kazi hiyo haikuonekana kuwa inamfaa mwanamke aliyeweka nadhiri ya usafi wa maisha. Sista aliweza kumfunga bendeji mwenye ukoma, aliweza kumwosha maiti, lakini mbele ya mwanamke mwenye uchungu alitakiwa asimame nyuma.

Sisi tunaweza kucheka, tukasema hayo ni mambo ya Wazungu. Tusicheke upesi. Neno linalotawala hapo ni haya, na sisi watu wa pwani tunalijua neno hilo vizuri mno. Kwetu haya ilimzuia mwanamke asiguswe na daktari mwanamume. Kwao haya ilimzuia mtawa asimguse mzazi. Haya hizi mbili zilikutana kwenye kitanda kimoja, na aliyelala juu ya kitanda hicho ndiye aliyelipa.

Na si Uganda peke yake. Mwanamke mmoja daktari kutoka Scotland, Agnes McLaren, aliyeingia Ukatoliki akiwa mtu mzima, alikwenda Rawalpindi, India ya wakati ule, mji ambao sasa uko Pakistan. Huko alikuta wanawake wa Kiislamu waliokuwa wakikaa ndani kwa stara wanakufa, kwa kuwa hawakukubali kutazamwa na daktari mwanamume, na watawa waliokuwako hawakuruhusiwa kusomea udaktari. Akaanzisha hospitali ya wanawake, akaenda Roma mara kadhaa kuomba sheria ilegezwe. Akafa mnamo 1913 bila kuiona siku hiyo. Aliyeshika nafasi yake ni Anna Dengel wa Austria, daktari aliyefanya kazi Rawalpindi hiyohiyo, na mnamo 1925 akaunda jumuiya ya wanawake madaktari. Nimewataja hao kwa makusudi. Wanawake wa Kiislamu, bila kujua, walikuwa sehemu ya hoja iliyopelekwa Roma.

Mama Kevina kule Nsambya hakukaa akingoja barua. Kama mtawa haruhusiwi, basi atafutwe asiye mtawa. Baada ya Vita vya Kwanza alimpata Dk Evelyn Connolly, daktari mwanamke aliyekuja kufanya kazi ya misheni bila kuvaa utawa, na huyo sheria haikumgusa. Katika miaka ya 1920 wawili hao wakafungua Nsambya chuo cha kufundisha wasichana wa Kiafrika uuguzi na ukunga. Angalia werevu wake: mlango uliofungwa hakuuvunja, alizunguka nyuma ya nyumba. Wasichana wale hawakuwa na nadhiri ya kuwazuia, wakajifunza kazi, wakatawanyika vijijini.

Palikuwa na upinzani wa upande mwingine pia. Wapo wazee, na wapo Wazungu vilevile, walioona kumfundisha msichana wa Kiafrika vitabu na sayansi ya mwili ni kupoteza wakati. Hakuwasikiliza. Mnamo 1923 alikuwa amekwisha anzisha jumuiya ya watawa wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, kwa wasichana wanane tu. Leo masista hao wako nchi zote hizi zetu.

Nimeruka vita, na vita havifai kurukwa. Mnamo 1914 Waingereza na Wajerumani walipoanza kupigania Tanganyika, waliobeba mizigo walikuwa Waafrika. Kikosi hicho cha wapagazi ndicho kilichotuachia majina ya Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Walikufa maelfu kwa maelfu, si kwa risasi bali kwa kuharisha, homa na njaa. Hospitali ya Nsambya ilichukuliwa kutibu wapagazi hao. Mama Kevina alikasirishwa na jinsi madaktari wa Kizungu walivyowatenda, kana kwamba mpagazi si mtu wa kutunzwa kama askari. Aliwauguza, na mwisho wa mwaka 1918 serikali ileile ikampa nishani ya MBE. Nadhani serikali hupenda kumvisha nishani mtu aliyeiona ikifanya vibaya.

Ruhusa ya Roma ilitoka hatimaye Februari 1936. Watawa katika nchi za misheni wakaruhusiwa, na hata wakahimizwa, kusomea udaktari na ukunga na kuwahudumia wazazi. Mama Kevina alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja kasoro miezi miwili. Hesabu mwenyewe, msomaji: tangu muembe mpaka ruhusa ni miaka thelathini na mitatu. Katika miaka ya 1930 alikuwa ameshafungua na makao ya wenye ukoma, Nyenga na Buluba, na tangu 1929 alikuwa na nyumba huko Yorkshire ya kuandaa masista kwa ajili ya Afrika peke yake. Baada ya 1936 masista hao waliweza kuja wakiwa wakunga kamili.

Narudi sasa nyumbani kwetu. Mnamo 1956 mama yangu alikuwa mja mzito. Mtoto aliyenifuata mimi alikuwa amezaliwa Mombasa, chumbani kwa nyanya, mbele ya mkunga na wanawake wa mtaani, akafa kabla ya siku ya saba. Hapakuwa na wa kulaumiwa. Lakini tangu siku hiyo mama alikuwa anaogopa, na hofu yake haikujificha. Baba akataka ajifungulie Nsambya, maana hospitali ilikuwa mwendo wa miguu. Nyanya alipopata habari akaandikisha barua kali kutoka Kibokoni. Alisema, kwa kifupi, kwamba mjukuu wake hatazaliwa chini ya msalaba, na kwamba wamisheni hawatoi kitu bure.

Nyanya hakuwa mjinga. Ni kweli wamisheni walikuja kueneza dini yao, na Mama Kevina hakuwahi kuficha nia hiyo. Alijenga shule na makanisa pamoja na hospitali, na kwake yeye hayo yalikuwa kazi moja. Msalaba ulikuwako ukutani katika kila wadi. Mtu akiniambia kwamba hospitali ile haikuwa na dini, nitamwambia hakuingia ndani. Baba alilijua hilo, akawa anazunguka uani jioni nzima na ile barua mkononi.

Aliyekata shauri ni mama mwenyewe. Alikwenda Nsambya na jirani yetu, mke wa fundi wa relwe, Mwislamu wa Bugembe aliyekwisha kujifungulia pale mara mbili. Mama aliuliza jambo moja tu: kama mwanamume yeyote atamwona. Akajibiwa kwamba wakunga ni wanawake watupu, na kwamba hata ikibidi aitwe daktari ataambiwa kwanza. Akarudi nyumbani akamwomba baba fedha za kununua kanga mpya na nguo za mtoto. Barua ya nyanya ikajibiwa baada ya mtoto kuzaliwa.

Dada yangu alizaliwa alfajiri. Mkunga alikuwa msichana wa Kiganda aliyefundishwa palepale. Mtoto alikaa vibaya, na mama alitusimulia baadaye kwamba yule msichana alifanya kazi kwa mikono yake mpaka jasho likamtoka, akamwita sista mwenzake mkubwa, wakamgeuza pamoja. Mikono ya mtawa, ambayo miaka ishirini nyuma isingeruhusiwa kufika hapo. Mama hakuijua sheria hiyo. Mimi niliisoma nikiwa mtu mzima, nikakaa na kitabu mapajani muda mrefu.

Asubuhi baba akanichukua tukaenda. Alisimama mlangoni wa wadi hajui aseme nini, maana alitaka kumwadhinia mtoto na hakujua kama inaruhusiwa. Alipoeleza, sista mmoja mzee alimletea mtoto katika chumba kidogo cha kuwekea shuka, akaufunga mlango, akakaa nje kuzuia watu wasiingie. Baba akaadhini sikio la kulia, akakimu la kushoto, kwa sauti ya chini. Dirisha la chumba kile lilielekea Kibuli. Nilikuwa na umri wa miaka minane, na nilichokiona zaidi ni zile shuka, nyeupe, zimepangwa mpaka darini.

Mama Kevina hakuwako. Alikuwa ameustaafu uongozi mwaka uliotangulia, 1955, akiwa na miaka themanini. Jumuiya yake mpya, Masista Wafransisko kwa ajili ya Afrika, ilikuwa imesimama tangu 1952, makao yake yakiwa Ireland. Mtu mwingine angepumzika. Yeye alipelekwa Boston, Marekani, ile Marekani aliyoitaka akiwa kijana, akawa anapita huku na huku akiomba fedha za hospitali za Afrika. Akafia hukohuko Brighton, Boston, tarehe 17 Oktoba 1957.

Mwili ulipelekwa Ireland ukazikwa katika makao ya masista wake. Mambo yangeishia hapo. Lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Walidai kwamba mama yao hawezi kulala ugenini, na ugenini kwao ni Ireland alikozaliwa. Kaburi likafunguliwa, mwili ukasafirishwa, na Desemba 1957 akazikwa upya Nkokonjeru, kwa wale masista wa Kiafrika aliowaanza na wasichana wanane. Nakumbuka magari yalivyojaa njiani siku hizo, na baba akaja kula kwa kuchelewa kwa sababu nusu ya makarani waliomba ruhusa. Kanisa lake limekwisha anza, tangu 2016, taratibu za kumtangaza mtakatifu. Hilo ni lao.

Hospitali ya St. Francis Nsambya ipo mpaka leo, kubwa mara nyingi kuliko tuliyoijua, na ina chuo cha kusomesha madaktari bingwa kilichopewa jina la Mother Kevin, mwalimu asiyekuwa daktari. Katika sehemu za Uganda neno kevina limekuwa neno la kawaida, maana yake hospitali au nyumba ya kusaidia watu, na anayelitumia pengine hajui kwamba lilikuwa jina la mtu.

Tulirudi Mombasa mnamo 1961. Nyanya alimpokea mjukuu wake stesheni, akamgeuza huku na huku kama anayekagua kitambaa dukani, kisha akamwuliza mama kama ni kweli hakuna mwanamume aliyemwona. Mama akamwambia ni kweli. Nyanya akambeba mtoto, umri wa miaka mitano na miguu inaning'inia, akatoka naye mpaka barabarani kutafuta teksi.